Tokeni ya Mazeras

Saa kumi na moja na robo jioni, Alhamisi ya kwanza ya Septemba, Mzee Kioko Mutiso alirudi nyumbani kwake Mbaraki, Mombasa, akafungua chumba cha nyuma, akasimama mlangoni asiingie. Harufu ya plastiki iliyoungua ilimjaa puani. Mezani ilikuwapo reli ndogo aliyoijenga kwa mikono yake kwa miaka sita, na kipande chote cha kutoka Changamwe mpaka karibu na Mazeras kilikuwa masizi matupu. Majani ya makumbi ya nazi, aliyoyapaka rangi ya kijani kwa subira ya ajabu, hayakuwapo tena. Moto ulikuwa umeshazimwa. Mtu alikuwa ameumwagia mchanga, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kioko alikuwa fundi wa ishara za reli kwa miaka thelathini na minne. Mtu wa kazi hiyo haanzi kwa kulia, huanza kwa kukagua. Aliinama chini ya meza, akatazama nyaya, akaona alichokiona, ndipo akaketi sakafuni. Kisha akampigia simu binti yake Joy, anayeishi Machakos, na hilo, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, lilikuwa kosa.

Joy alikuwa akiingoja simu kama hiyo tangu mama yake alipofariki. "Baba, umesahau kuzima stima. Nilikwambia! Ningekuja kukuzika." Akasema atafika asubuhi, na Jumamosi saa sita mchana watapanda basi pamoja, na reli ile itakuwa kuni. Kioko hakutaka kwenda Machakos. Mkewe Kanze amezikwa Mazeras, na kila Alhamisi saa saba mchana Kioko huondoka kwenda kumfagilia kaburi. Yeye akiondoka, nani atafagia? Ijumaa asubuhi alivaa shati la kanisani, akaenda kituo cha polisi kuripoti kwamba mtu ameingia kwake akamchomea reli.

Polisi wa zamu walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Kesi ya treni ya mchezo! Wakampa Koplo Dama Ngumbao, kwa sababu hakuwapo pale kucheka nao. Dama alikuwa mwanamke wa miaka arubaini, mpole wa sauti na mbishi wa moyo, na kitu kimoja alikichukia kuliko wezi wote wa kisiwani: kuambiwa jambo ni dogo kabla hajaliona kwa macho yake.

Alibisha hodi saa tatu na nusu. Joy ndiye aliyefungua, macho mekundu, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyekwisha kuanza kupakia mizigo.

"Karibu, afande. Ila utapoteza muda wako. Mzee amesahau kuzima, basi."

"Labda. Nionyesheni."

Chumbani Kioko alikuwa amesimama kando ya meza kama daktari kando ya mgonjwa. Dama alitoa daftari. "Shikamoo, mzee. Nielezee kama unavyomwelezea mtoto wa darasa la nne. Mimi stima najua kuwasha na kuzima."

"Marahaba, binti yangu. Tazama hapa." Kioko aliweka vidole viwili juu ya reli. "Reli hii inaleta umeme, hii inaurudisha. Injini inakaa katikati inakunywa. Sasa gurudumu la chuma likitoka mahali pake, au msumari ukianguka hapa, reli mbili zinashikana, na umeme unapata njia ya mkato. Hiyo ndiyo shoti. Na betri yangu ni ya lori. Betri ya lori haina huruma, itamwaga yote iliyo nayo mpaka waya uwe mwekundu."

"Na ulizuiaje?"

Alivuta ubao mdogo kutoka chini ya meza. Juu yake kulikuwa na nafasi mbili za balbu, zile za taa ya breki ya lori. "Reli yangu ina vipande viwili. Mombasa mpaka Changamwe, Changamwe mpaka Mazeras. Umeme wa kila kipande lazima upite kwanza kwenye balbu yake. Treni ikienda salama, balbu haiwaki, utadhani imekufa. Shoti ikitokea tu, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo peke yake. Waya haupati kitu."

Akachukua bisibisi, akailaza juu ya reli mbili za upande wa Mombasa. Balbu ya kwanza ikawaka kwa mwanga mkali. Akaiacha hivyo.

"Shika waya."

Dama aliushika. Ulikuwa baridi.

"Na balbu ya pili iko wapi?"

"Hapo ndipo penye kesi," Kioko alisema.

Kwenye nafasi ya pili hapakuwa na balbu. Palikuwa na waya wa shaba, umesokotwa kwa mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, umekuwa mweusi. Balbu yenyewe ilikuwa rafuni karibu na kopo la majani ya chai, imefungwa kwa kitambaa safi kama yai.

"Sikuitoa mimi," Kioko alisema. "Naapa mbele ya Mungu."

"Baba, wiki jana uliweka miwani kwenye friji."

"Miwani haichomi nyumba, Joy."

Dama hakuingilia. Mambo ya baba na binti ni kama ugali wa moto, ukiutia mkono mapema utaungua bure. Aliizunguka meza polepole na kuandika. Saa ndogo ya kituo cha Mazeras, iliyopata umeme kwenye waya huohuo ulioungua, ilikuwa imesimama saa tisa na dakika kumi na mbili. Juu ya reli iliyoungua palikuwa na injini mbili mbele na mabehewa nyuma. Alihesabu mabehewa. Yalikuwa tisa. La saba lilikuwa limeinama, gurudumu lake la chuma limelala juu ya reli zote mbili.

"Mzee, uliacha treni hapa?"

"Sijawahi. Treni zangu hulala Mombasa. Na siungi zaidi ya matano, afande. Hayo tisa sijui yameungwa na nani."

Kilichomshangaza Dama zaidi ni mchanga. Ndoo ya mchanga ya Kioko, iliyokuwa ikikaa chini ya dirisha, ilikuwa tupu. Lakini chungu kubwa zaidi ya mchanga haikuwa penye moto. Ilikuwa kwenye kituo cha Mazeras, shubiri nzima kutoka pale moto ulipokomea. Dama aliuondoa kwa vidole. Ndani yake, amesimama wima bila hata doa la moshi, alikuwamo mwanamke wa mti, urefu wa kidole gumba, ana kikapu kichwani.

"Huyu nani?"

Joy aligeukia dirishani. Kioko alimpangusa mwanamke wa mti mchanga wa mwisho.

"Mama yake Joy. Alikuwa akipandia Mazeras kila asubuhi na kikapu cha mchicha kuleta mjini. Mimi nilikuwa kijana wa ishara. Rafiki yangu Saif ndiye aliyekuwa dereva, na siku Kanze akichelewa, Saif alisubiri dakika mbili nzima kwa ajili yangu, akaandika kwamba kulikuwa na ng'ombe njiani." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Nimemchonga ili kila treni ikifika imkute anangoja. Nina hamu naye, afande. Miaka sita sasa, na haipungui."

Dama alimpa muda wa kujifuta uso. Kisha akaonyesha misumari midogo iliyopigiliwa kwenye kila kituo. Wa Mombasa ulikuwa mtupu. Kwenye wa Changamwe kilining'inia kipande cha shaba cha duara chenye tundu.

"Hiki?"

"Tokeni. Kule kwenye reli kubwa njia ilikuwa moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja kutoka pande mbili, ni maafa. Kwa hiyo kila kipande kilikuwa na tokeni moja tu. Dereva haondoki kituoni bila tokeni mkononi, na haitoi mkononi mpaka treni ifike salama kituo cha mbele. Ndipo huitundika. Nimezichonga mbili, moja kwa kila kipande, na jioni zote mbili huzirudisha Mombasa." Akainama kutazama, kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. "Ya Changamwe hii hapa. Ya Mazeras haipo."

"Imeyeyuka," Joy alisema.

"Moto wa makumbi hauyeyushi shaba."

Waliuchunga mchanga wote kwa chekecheke ya unga, watu watatu wamepiga magoti. Walipata mguu wa mtu wa mti na kitasa cha behewa. Tokeni haikupatikana.

"Ukiondoka, ufunguo huuweka wapi?" Dama aliuliza akijipangusa.

"Chini ya kopo la mrehani."

"Na nani anajua?"

"Joy. Tony, mpangaji wangu wa chumba cha mbele. Na Saif. Yeye anakaa Mji wa Kale. Watu wa reli wa enzi yetu tumebaki wawili."

Dama aliomba kitambulisho cha Joy ili aandike maelezo yake. Joy alipofungua pochi, tikiti ya treni ilidondoka. Aliiokota upesi, lakini Dama alikuwa ameshaisoma. Ilikuwa ya jana, Alhamisi, treni ya asubuhi, inayofika kabla ya saa nane mchana.

"Ulikuja na nini, dada?"

"Basi la usiku. Baba aliponipigia tu."

Dama aliandika basi la usiku, akapiga mstari chini yake.

Saa sita na nusu alimkuta Tony kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu Makadara, kati ya muuza bajia na mashine ya juisi ya miwa. Kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta.

"Umeungua?"

"Chuma cha kulehemu. Kila wiki kinaniuma, nimekizoea."

"Mzee Kioko anasema mligombana."

"Hatukugombana. Nilimwomba chumba cha nyuma niweke vitu vyangu, akaniambia treni haiwezi kuhama. Nikacheka. Akakasirika." Tony alishusha miwani ya kukuzia. "Afande, mimi jana nilikuwa hapa tangu saa nane mpaka magharibi. Muulize Mama Bajia."

Mama Bajia aliulizwa, na hakungoja swali liishe. Jana Tony alimkopa bajia saa tisa na robo na bado anajifanya hamjui. Dama alirudi kibandani akamwonyesha picha ya ule waya uliosokotwa.

"Hiyo si kazi yangu," Tony alisema, kana kwamba ametukanwa. "Mimi ningelehemu. Hata kama ninaiba, ninalehemu."

"Basi nisaidie jambo moja. Balbu ile inalinda reli. Mtu ataitoa kwa nini, kama hataki kuchoma?"

Tony alifikiri. "Ina kasoro yake moja. Treni ikiwa nyepesi haidhuru kitu. Ikiwa nzito inavuta umeme mwingi, balbu inaanza kuwaka kidogo, na kila ikiwaka inakula nguvu. Treni inachoka njiani, hasa mlimani."

"Na Changamwe kwenda Mazeras ni mlima?"

"Mzee ameuinua kwa plaiwudi. Anasema ndivyo ulivyo kweli."

Dama alinunua bajia za shilingi hamsini na kuzila amesimama. Mabehewa tisa. Injini mbili. Balbu iliyotunzwa kwenye kitambaa. Aliyefanya hivi hakutaka reli iungue. Alitaka treni nzito ipande mlima. Hilo lilimwondolea adui na kumwachia swali gumu zaidi.

Saa kumi na dakika ishirini, baada ya swala ya alasiri, alimkuta Mzee Saif kwenye baraza la nyumba yake Mji wa Kale, peke yake na birika la kahawa. Alikuwa mzee mrefu wa miaka sabini na mitatu, kofia nyeupe, koti kuukuu juu ya kanzu.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako. Wazima huko utokako?"

"Wazima, mzee. Nimetoka kwa rafiki yako Kioko."

Saif alimmiminia kahawa. Aliweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, akamimina mpaka kahawa ikakigusa. "Kidole kikiungua, kimejaa," alisema na kucheka, na Dama akacheka naye.

"Umesikia yaliyotokea?"

"Nimesikia. Kioko alinipigia jana." Aliliweka birika chini. "Hivi ni kweli Joy yuwampeleka Machakos?"

"Kesho saa sita. Anasema mzee amesahau kuzima."

"Kioko hasahau kuzima," Saif alisema kwa sauti ndogo. "Miaka thalathini na nne hajasahau."

"Na wewe jana saa tisa ulikuwa wapi, mzee?"

"Mimi? Nalikuwa... nalikuwa na shughuli zangu, mwanangu."

Dama hakumbana. Alimwuliza habari za reli, na mzee akafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Alieleza mlima wa Mazeras, jinsi injini mbili zilivyokuwa zikivuta mvua ikinyesha. Alieleza pia siku treni ya mwisho ya abiria ilipotoka kisiwani kwa reli ya zamani. Alikuwa ameshastaafu, lakini walimwita aketi kwenye injini kwa heshima, apige honi.

"Na ulipiga?"

"Sikwenda. Nalikuwa wodini, nimepasuliwa ngiri. Naliisikia kwa mbali dirishani." Alikizungusha kikombe. "Kila siku nikiamka, mwanangu, hulisikia pengo lile. Asubuhi haina honi. Watu hawalioni, mimi nalisikia."

Dama aliporudi kituoni alikaa na daftari lake mpaka zamu ikabadilika. Mtu aliyeendesha treni ile aliichukua tokeni ya kwanza Mombasa, akafika Changamwe, akaitundika kama inavyotakiwa. Mtu wa kuharibu hajisumbui hivyo. Kisha akaichukua ya pili kwenda Mazeras, na treni haikufika. Alirudia kusoma maneno ya Kioko mara tatu. Hakuhitaji kuuliza tokeni ilikuwa wapi. Alihitaji tu kuuliza kwa heshima.

Jumamosi saa nne asubuhi aliwakuta wote wanne chumba cha nyuma, kama alivyoomba. Masanduku mawili ya Kioko yalikuwa mlangoni, yamefungwa kwa kamba. Tony aliegemea ukuta. Saif alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu zaidi na mlango.

"Sitawachelewesha," Dama alisema. "Basi ni saa sita. Alhamisi saa tisa na dakika kumi na mbili chumba hiki kilipata shoti. Walioujua ufunguo ni watatu. Tony alikuwa Makadara, na deni lake la bajia ni ushahidi." Tony aliinamisha kichwa. "Joy, wewe ulisema umekuja na basi la usiku. Tikiti yako inasema ulikuwa Mombasa Alhamisi mchana."

Kioko aligeuka. "Joy?"

Joy alifunika uso kwa viganja. "Sikuja hapa, baba. Nilikwenda Mazeras kwa mama. Nilitaka kukaa naye kidogo kabla sijaja kukuomba tena uhame. Nikakukuta wewe hapo."

"Saa ngapi?" Dama aliuliza.

"Saa nane na nusu mpaka saa kumi. Nilisimama nyuma ya ukuta wa kanisa. Alifagia, kisha akaketi akamsomea mama treni za wiki nzima. Ya Jumatatu imefika kwa wakati. Ya Jumanne imechelewa dakika nne kwa sababu paka alilala relini. Nilishindwa kuja mbele. Nikaenda kulala kwa rafiki yangu anayekaa Buxton, na baba alipopiga simu nikaona aibu kusema niko hapa hapa Mombasa."

Dama alimtazama Kioko. Kioko aliitikia kwa kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisoma zile treni. Alisema tu, "Paka wa Tony."

Dama alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha Saif, wakawa uso kwa uso.

"Mzee," alisema, "treni ilifika Mazeras?"

Saif angeweza kuuliza treni gani. Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa ameulizwa kama anavyoulizwa dereva, na kwa maisha yake yote hakuwahi kudanganya swali hilo.

"Haikufika," alisema.

"Na tokeni?"

Saif alitia mkono ndani ya koti lake kuukuu akatoa kipande cha shaba cha duara, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Alikiweka kwenye kiganja cha Dama. "Dereva haachi tokeni ndiani, mwanangu. Nimelala nayo siku mbili, sikujua pa kuitundika."

"Saif!" Kioko alisema.

"Ni mimi, Kioko. Nalingoja uende Mazeras. Nikaunga tisa, nikatia injini mbili. Balbu ikawa yawaka, yainyonya, treni yakwama pale kwenye mlima. Nikaitoa, nikatia waya. Nikasema, mara moja tu, ifike, kisha nirudishe kila kitu pahala pake."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nalikuomba mara tatu! Ukasema matano, Saif, matano, matano, kana kwamba nakuomba figo!"

"Kwa sababu tisa yanavuta umeme mwingi! Hiyo balbu nimeiweka kwa nini? Urembo? Ungeuawa humu ndani!"

"Behewa la saba lilikuwa limetoka," Dama alisema taratibu. "Mzee Saif, hukuliona?"

Saif alivua kofia, akaishika magotini.

"Sikuliona. Presha ya mato. Katikati naona kama kwenye tundu la ufunguo, pembeni kiza. Nalikuwa naitazama injini, mwanangu. Injini naliiona vizuri mno. Hata moto sikuuona mpaka naliposikia harufu. Nikatwaa ndoo, na jambo la kwanza nikamtafuta Kanze kwa mkono nimfunike. Nalimsubirishia treni miaka yote ile, siwezi kumwacha aungue."

Kioko alikuwa amesimama huku mikono imening'inia. "Daktari anajua?"

"Asema mwisho wa mwaka. Hapana zaidi. Ndiyo sababu, Kioko. Nalitaka niione moja kamili, mabehewa yote tisa, yapande mlima yafike, kabla... Na naliposikia Joy yuwakupeleka, kila saa nalisema sasa nitanena. Nikaogopa. Nikanena, utanifungia mlango huu. Sina mlango mwengine."

"Ungeniacha nipande basi?"

"Sijui," Saif alisema, na machozi yakamteremka. "Wallahi sijui, na hilo ndilo lanitisha."

Kioko alipiga meza kwa kofi, mabehewa yakaruka. Kisha akaketi juu ya sanduku lake mwenyewe. Tony alitoka nje kimya kimya. Dama alifungua daftari.

"Mzee Kioko, kesi ni yako. Umeingiliwa nyumba na mali imeungua. Niandike nini?"

"Andika shoti," Kioko alisema. "Kila reli hupata shoti."

"Na nani aliisababisha?"

"Andika mtu wa reli. Tumebaki wawili, wakubwa wako wachague."

Dama aliandika, akafunga daftari, akaiweka tokeni juu ya meza bila kuitundika popote. Hilo halikuwa kazi ya polisi. Joy alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono mapajani.

"Baba," alisema, "nataka kukwambia ukweli. Nilitaka iwe ni wewe. Nilimwomba Mungu iwe ni wewe uliyesahau, ili nikuchukue, ili mtu mmoja wa kwetu awe nyumbani kwangu jioni nikirudi. Nisamehe."

Kioko alimwita kwa kidole, na Joy akaja akapiga magoti karibu na sanduku kama msichana mdogo. Alimshika kichwa. Kisha, akiwa bado amemshika, alimwambia Saif, "Balbu mbili."

"Nini?"

"Balbu mbili, bega kwa bega, kwa kila kipande. Umeme unagawanyika, kila moja inakula kidogo, na mabehewa tisa yatapanda. Behewa likianguka, balbu zote mbili zitawaka na waya hautashika moto. Ningekueleza hivi miaka mitatu iliyopita kama ungeniambia kwa nini unayataka tisa. Wewe ni mbishi kama nyumbu."

Saif alijifuta kwa kofia. "Yachukua muda gani?"

"Reli mpya, nyaya, majani. Mwezi mmoja na nusu, tukianza leo. Utayaona yote tisa, Saif. Utayaona mara mia."

Ilikuwa saa tano na robo. Joy alitazama masanduku, kisha akamtazama baba yake, na alijua jibu kabla ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Sawa, baba. Basi mpaka Desemba. Na ikifika Januari, asipoona tena? Utakuja?"

Kioko alimtazama rafiki yake, aliyekuwa ameshaanza kupapasa meza akitafuta mahali reli ilipokatika.

"Januari, mama, ndipo atakapohitaji mtu wa kumwambia treni imefika wapi."

Joy aliinuka, akafungua kamba za masanduku.